Nilivyoinyoa besi ya baba

Mpenzi msomaji, je, umewahi kutupa kitu cha mzazi wako ukidhani ni takataka, halafu miaka ikapita, ukaja kung'amua kwamba kitu hicho hakipatikani tena dukani kwa bei yoyote? Kama hayajakufika, mshukuru Mungu. Mimi yalinifika. Nilichokitupa ni nyuzi nne za gitaa la besi, zilizokuwa nyeusi kwa uzee na jasho. Leo nataka nikusimulie kisa hicho, kwani ndani yake mna funzo kwa kila anayenunua ala ya muziki, na kwa kila mzazi mwenye mtoto anayemlilia amnunulie moja.

Baba yangu alikuwa karani siku za kazi na mpiga besi usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Katika miaka ya sabini na themanini, hoteli nyingi za Nairobi zilikuwa na bendi za kuwatumbuiza wageni, naye alikuwa katika mojawapo. Wageni wakiwa bado wanakula, bendi ilipiga jazi ya pole pole. Sahani zikishaondolewa, ndipo rumba ilipoanza na watu wakatoka kusakata ngoma.

Hapa lazima nifafanue, maana kwetu neno jazi limewachanganya wengi. Tulikuwa na Shirati Jazz na Victoria Jazz zilizopiga benga, na kule Kongo kulikuwa na OK Jazz iliyopiga rumba. Hayo yalikuwa majina tu. Jazi ninayoizungumzia ni ile ya Wamarekani weusi, ya akina Duke Ellington na Miles Davis. Ndani ya jazi hiyo mpiga besi hutembea. Hupiga sauti moja kwa kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, kisha anaanza tena bila kupumzika, kama mtu anayetoka Buruburu mpaka mjini kwa miguu asipoteze hata hatua moja.

Besi yake baba aliinunua mwaka 1978 kutoka kwa mwanamuziki mmoja wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Enzi hizo wanamuziki wa huko walikuwa wengi jijini. Super Mazembe na Les Mangelepa walikuwa wamepiga kambi hapa. Lilikuwa gitaa la Kijapani lililoiga umbo la Precision, besi ya kampuni ya Fender ya Marekani. Lilikuja na nyuzi zake, na nyuzi hizo baba hakuzibadilisha hata siku moja.

Hata baada ya bendi kuvunjika, desturi yake haikubadilika. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, aliishusha besi kutoka ukutani, akakaa kwenye kiti chake na kutembea nayo kwa nusu saa. Mara nyingi hakuiunganisha na amplifaya. Sisi watoto tulilala usingizi wa mchana tukisikia ule mngurumo wa chini chini. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya Jumapili.

Sasa sikiliza uhuni nilioufanya. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha uanahabari, nikajiunga na bendi ya vijana. Tulipiga nyimbo za injili kwa mtindo wa fanki, ule ambao mpiga besi huzichapa nyuzi kwa kidole gumba mpaka zinalia kama kengele. Besi ya baba haikulia kama kengele. Ililia kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa ngumi aliyoizungushia blanketi. Nikaona aibu mbele ya wenzangu. Siku moja baba akiwa kazini, nilichukua koleo, nikazikata zile nyuzi zote nne, nikazitia ndani ya pipa la taka. Kesho yake gari la taka likapita.

Jioni baba aliiona besi yake ikimetameta kwa nyuzi mpya. Aliipapasa kwa kidole kimoja, kisha akaniangalia. Naomba ujue kwamba baba huniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mamake. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, umeinyoa. Umeinyoa besi kama iliyofiwa."

Akaitundika ukutani. Jumapili iliyofuata hakuishusha. Wala ile iliyofuata. Nilidhani amechoka tu, maana alikuwa karibu kustaafu. Nikaichukua nikawa naipiga mimi, na hakuna aliyeniuliza.

Kumbe hata zile nyuzi zangu za kengele hazikudumu. Baada ya miezi mitatu zilipoteza mlio. Mwenzangu mmoja akanifundisha ujanja ambao wapiga besi wengi wanaujua: zifungue, uzichemshe kwa maji kama dakika kumi, uzikaushe, uzirudishe. Nikachukua sufuria kubwa ya mama mzazi, ile ya pilau ya sikukuu. Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi. Nyuzi zilifufuka, lakini mama alipojua kilichopikwa ndani ya sufuria yake, ilibaki kidogo nichemshwe mimi. Kwa nini nyuzi zangu zilihitaji kuchemshwa na za baba hazikuhitaji kwa miaka thelathini na moja? Swali hilo halikunijia wakati huo. Ujana una haraka zake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, nilijiunga na kikundi cha watu watatu kinachopiga jazi katika mkahawa wa hoteli siku za Ijumaa: piano, ngoma na besi yangu. Mpiga piano ni mzee aliyestaafu ualimu, mpole lakini mwenye masikio makali. Wiki ya pili alinivuta kando akaniambia, "Binti yangu, nasikia vidole vyako. Besi yenyewe siisikii."

Nikapunguza sauti kali kwenye amplifaya. Haikusaidia. Mpiga ngoma alipokuwa akitumia vifagio kwa utulivu, kila nilipohamisha mkono shingoni ulisikika mkwaruzo, kwiii, kama kiatu kipya sakafuni kanisani. Mzee akauliza, "Nyuzi zako ni za aina gani?"

"Za kawaida tu, Mzee."

"Kawaida ya nani?"

Msomaji, hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nitakueleza kwa ufupi niliyoyajua, kwa maana ukiyaelewa hutapoteza pesa kama nilivyopoteza.

Kila uzi wa besi una waya wa chuma katikati, na juu yake umeviringishiwa waya mwingine ili uwe mzito. Ni lazima uwe mzito, kwa sababu uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na uzi mwembamba wa besi mara 98. Tofauti iko kwenye ule waya wa kuviringisha. Ukiwa wa duara, uzi unakuwa na matuta kama barabara ya changarawe. Wapigaji huziita nyuzi hizo raundi. Waya huo ukiwa bapa, kama utepe, uzi unakuwa laini kama lami mpya. Hizo ndizo wanazoziita flati.

Kidole kinapopita juu ya matuta ya raundi, kinakwaruza. Isitoshe, raundi hutoa sauti nyingi nyembamba juu ya ile sauti nene, na ndiyo maana zinalia kama kengele. Flati huzizima haraka zile sauti nyembamba, ikabaki ile nene inayogonga na kufifia. Tena matuta ya raundi hukusanya jasho na uchafu wa ngozi, na uchafu ukijaa, mlio unakufa. Hapo ndipo sufuria inapoingia. Flati hazina mabonde ya kuficha uchafu, kwa hivyo hubadilika taratibu sana, na wapigaji wengi husema huzidi kunoga zinapozeeka.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimezitupa flati za miaka thelathini na zaidi nikaweka za kuchemsha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha nilikuwa nimeukata kwa koleo.

Lakini kwa nini jazi hupenda flati? Sababu ni ya kihistoria. Jazi ilikua ikitumia besi kubwa ya mbao, ile inayosimama na kumzidi mpigaji kwa urefu. Sauti yake inagonga na kufifia; haining'inii hewani. Mwaka 1951 Leo Fender alipoanza kuuza besi ya umeme, nyuzi zilizotumika zilikuwa flati, na mpigaji aliyezoea besi ya mbao hakujihisi mgeni sana. Monk Montgomery, kakake yule mpiga gitaa maarufu Wes Montgomery, aliibeba besi ya umeme mpaka Ulaya mwaka 1953 akiwa na bendi ya Lionel Hampton, wakati ambapo wanajazi wengi waliiona kama kichekesho.

Kisha kuna James Jamerson, aliyezaliwa 1936 na kufariki 1983. Alianza na besi ya mbao katika vilabu vya jazi vya Detroit, halafu akaajiriwa na kampuni ya Motown. Karibu kila wimbo wa Motown wa miaka ya sitini ulioucheza harusini, besi yake huenda ni ya huyu bwana. Alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye flati nzito za La Bella, na alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Niliposoma hayo nilimwona baba yangu mbele ya macho yangu.

Raundi zilipata umaarufu Uingereza baada ya mwaka 1966, John Entwistle wa kundi la The Who aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound kupata uzi unaolia kama piano. Nao wanamuziki wa roki na fanki wakazikumbatia. Nisikudanganye kwamba jazi haipigwi kwa raundi. Jaco Pastorius, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976, alitumia raundi kwenye besi isiyo na freti, na zikawa zinaula ubao wa shingo mpaka akaupaka gundi ngumu ya kuukinga. Ni mmoja wa wapiga besi wakubwa wa jazi waliowahi kuishi. Kwa hivyo hakuna sheria. Kuna swali moja tu: unataka besi yako ifanye kazi gani ndani ya bendi?

Katika kikundi cha watu watatu, kazi yangu ni kumbeba mpiga piano. Mtu anayekubeba mgongoni hapigi makelele. Nikaamua kununua flati.

Wakati huo huo habari zilikuja kutoka Nakuru, ambako wazazi wangu walihamia baba alipostaafu. Baba alikuwa amepatwa na baridi yabisi. Viungo vya vidole vilivimba, hasa mkono wa kushoto, na asubuhi hata kufunga vifungo vya shati ilikuwa kazi. Mama aliponiambia hayo kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akaongeza, "Na wewe ulikaa na besi yake miaka yote hii."

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa na deni, na mwenye kunidai alikuwa anaishiwa na vidole. Nikaamua kwamba nyuzi nitakazonunua zitakuwa zake kwanza, kisha zangu.

Nikaenda katika duka moja katikati ya jiji. Muuzaji akanipa pakiti, akasema, "Dadangu, hizi ndizo flati." Sikumwamini wala kumshuku, niliomba tu nifungue, nikapitisha ukucha juu ya uzi. Ukasema krrr. Hiyo si flati. Nakushauri nawe ufanye hivyo hivyo: pitisha ukucha kwa urefu wa uzi. Flati hunyamaza. Kuna pia nyuzi za katikati, raundi zilizosagwa matuta yake, na hizo husema kidogo kidogo. Si mbaya, mradi ujue unanunua nini.

Duka la pili walikuwa na flati halisi, seti moja tu, nene. Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi. Seti za kawaida za flati huanza kama 45 kwa uzi mwembamba na kuishia kama 100 au 105 kwa uzi mnene. Hii ilianzia 52 ikaishia 110, unene ule ule wa Jamerson. Nikafurahi kama mtoto. Nilijiambia, kama zilimfaa Jamerson zitamfaa baba. Nikalipa malipo ya Ijumaa tatu, nikazifunga, nikapanda matatu ya Nakuru na besi nikiwa nimeipakata.

Baba alikaa kwenye kiti chake. Aliipokea besi kwa mikono miwili, akaipapasa kwa kidole kimoja kama mwaka ule, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akajaribu kubonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu. Haukushuka. Akabadilisha kidole. Ukatoa sauti ya kuzizima, mmmz, kama nzi ndani ya chupa. Akajaribu tena huku taya zimekazana, na mimi nikaona jasho likimtoka kipajini.

Mwishowe akaniambia, "Mama, hizi ni za watu wenye vidole." Akacheka ili nisijisikie vibaya. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa lilikuwa langu na nitakueleza kwa nini. Uzi mzito ukitaka kuufikisha kwenye sauti ile ile, huna budi kuuvuta zaidi. Na uzi uliovutwa zaidi ni mgumu kubonyeza. Tena nyuzi nne za besi huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima. Mimi nilikuwa nimezidisha mvuto huo bila kukaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, nayo shingo ikapinda mbele na nyuzi zikapaa juu ya freti. Hata kijana mwenye afya angelalamika. Nilinunua jina la mtu mashuhuri wa Detroit, nikayasahau mapaja, mabega na vidole vya mtu aliyekaa mbele yangu Nakuru.

Niliporudi Nairobi nilimweleza mzee wa piano. Akaniuliza, "Ulinunulia besi au ulimnunulia baba yako?" Swali hilo lilinipa njia. Nikaanza kutafuta flati zilizo laini kubonyeza, si flati zenye sifa nyingi.

Nilijifunza kwamba flati zote si sawa. Chromes za kampuni ya D'Addario, kwa mfano, ni za chuma kilichosuguliwa, zimekaza, na mlio wake una mwanga zaidi. Zinamfaa mtu anayetoka kwenye raundi na hataki kuliacha jua lote. La Bella hutengeneza flati za unene mbalimbali, ikiwemo hiyo 52 ya Jamerson, kwa mlio mnene wa zamani. Na kuna kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna, Austria, iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo pia hutengeneza nyuzi za fidla na za besi za mbao. Flati zao za jazi huviringishwa kwa nikeli, na seti ya besi ya kawaida ina unene wa 43, 56, 70 na 100. Sifa yake kubwa ni ulegevu: zinabonyezeka kwa urahisi kuliko flati nyingi.

Zina kasoro zake pia. Bei yake ni kali. Ukizipiga kwa nguvu, zinayumba na kugonga freti. Kwa mtu wa kuchapa kwa kidole gumba, ni hasara tupu. Lakini mimi nilikuwa nikimtafutia mzee mwenye baridi yabisi, ambaye hata alipokuwa kijana alipiga kwa upole.

Binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuwa akija likizo, nikamtumia pesa aniletee. Nilimtajia urefu wa besi yangu, inchi 34 kutoka shingoni zinapoanzia nyuzi mpaka kwenye daraja, karibu sentimita 86. Usiruke hatua hii, msomaji. Flati nyingi zimefungwa nyuzi za hariri kwenye ncha, na ukinunua seti ya urefu usiofaa, hariri hiyo itaingia mahali pa kulia na uzi utakufa hapo hapo. Pesa zilinitoka zaidi ya mara ya kwanza. Mume wangu aliziangalia zile waya nne kwenye pakiti, akauliza kama zilichovywa dhahabu.

Safari hii nilikwenda kwanza kwa fundi. Akaipima shingo, akaikaza ile fimbo ya ndani kidogo kidogo, robo mzunguko kwa siku, akazishusha nyuzi kwenye daraja mpaka zikawa karibu na freti bila kuzigusa. Mwenye besi akitaka kubadilisha aina ya nyuzi na asitenge pesa za fundi, amefanya nusu ya kazi.

Ijumaa hiyo nilizijaribu mkahawani. Tulipiga nyimbo mbili. Mzee wa piano hakusema kitu, ila mkono wake wa kushoto, ambao siku zote ulikuwa ukishindana na mimi chini kule, uliacha kupiga. Ulipumzika pajani. Baada ya onyesho akaniambia, "Leo nimekusikia." Naam, nilitumia sauti ndogo kuliko siku zote.

Jumapili nikashika njia ya Nakuru. Baba alikuwa ameshakula. Nilimwekea besi mapajani bila kusema lolote, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango nijifanye nasoma gazeti. Nilisikia akivuta pumzi. Kisha nikasikia hatua moja. Halafu ya pili. Zilikuja pole pole, na penye vidole vilivyokataa aliruka akaendelea, lakini alikuwa anatembea: moja, mbili, tatu, nne.

Mama alitoka jikoni akiwa na kitambaa cha kupangusia vyombo. Alisimama mlangoni nyuma yangu, hakuuliza kitu, wala hakurudi kwenye vyombo vyake mpaka baba alipomaliza. Dakika nne, si nusu saa. Vidole havikuruhusu zaidi.

Nikaingia ndani. "Vipi, Baba?"

Akazipapasa. "Nzuri," akasema. "Lakini hizi si zile."

"Najua, Baba. Nisamehe."

"Zile zilikuwa na miaka thelathini mwilini. Hizi bado ni watoto. Zipe muda."

"Muda gani?"

"Miaka thelathini," akajibu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 73. Tulicheka sote watatu, ingawa kila mmoja wetu anajua hesabu.

Nilitaka kumwachia besi yake. Alikataa katakata, akasema chombo kisichofanya kazi huoza. Kwa hivyo tumekubaliana: Ijumaa ni yangu, na Jumapili moja kila mwezi naipeleka Nakuru. Siku nyingine anatembea dakika kumi, siku nyingine haipigi kabisa, anaishika tu huku tukiongea habari za bendi yake ya zamani, nyingi ambazo sikuwahi kuzisikia hapo kabla.

Basi, mpenzi msomaji, iwapo unataka kupiga jazi kwa besi ya umeme na umechoka na mikwaruzo, flati ni njia nzuri. Angalia urefu, pitisha ukucha, tenga pesa za fundi, na usinunue unene kwa sababu ya sifa za mtu usiyemjua. Anza na vidole vitakavyozibonyeza na masikio yatakayozisikiliza. Na ikiwa ala uliyo nayo ilikuwa ya mzazi, kabla hujashika koleo muulize mwenyewe kwa nini imekaa vile ilivyo. Huenda alisahau kuisafisha. Huenda pia alikuwa akiitunza.

Tangu nilipozifunga nyuzi hizo mwaka 2023 sijazigusa, ila kuzipangusa kwa kitambaa kikavu. Nina binti wa miaka minane ambaye siku hizi huisimamia besi hiyo ukutani akiitazama kwa muda mrefu, na juzi alilalamika kwamba nyuzi zake hazing'ai. Koleo nimelificha.